Uzi: Enka ikiteguka, ni kitu gani hasa kimeteguka? Vua kiatu tuukague mguu kiungo kwa kiungo

#1 Mzee wa Magongo

Wakuu, salaam.

Jumapili nilikuwa ukingoni mwa kiwanja kwenye ndondo za mtaani. Winga kapanda kupiga kichwa, kashuka na kutua juu ya njumu ya beki. Mguu ukapinda kwa ndani, unyayo ukageukia mguu wa pili. Kabla hajamaliza kugaragara, watu wazima watatu walishafika: mmoja kashika kisigino, mwingine vidole, wa tatu anamtuma mtoto mafuta ya moto. "Mshipa umehama huo, vuta!"

Kazi yangu ni mazoezi tiba, hospitali ya wilaya, mwaka wa 17 sasa. Nikaingia kati kuwazuia. Nilivyotazamwa, utadhani mimi ndiye niliyemkwatua.

Nimeleta hapa kwa sababu hili neno "mshipa" linatuponza. Damu inapita kwenye mshipa, fahamu ni mshipa, ngiri ni mshipa, na sasa enka nayo mshipa. Kilichochanika kwa yule kijana si njia ya damu wala ya fahamu. Ni ligamenti: kamba fupi, ngumu, nyeupe, inayofunga mfupa kwa mfupa mwenzake. Ile inayofunga msuli kwenye mfupa ni kano, kama ile nene iliyo nyuma ya kisigino. Mtaani zote huitwa kano, ila humu nitazitenganisha ili tuelewane.

Kamba haihami. Inavutika kupita kiasi, inachanika nusu, au inakatika. Na kamba iliyokatika hairudi kwa kuvutwa tena.

Sasa vua kiatu. Mguu mmoja, kuanzia kifundo kwenda chini, una mifupa 26: 7 ya nyuma yenye maumbo ya ajabuajabu, 5 mirefu ya katikati na 14 ya vidole (kidole gumba kina 2, vingine 3 kila kimoja). Miguu miwili ni 52. Mwili mzima wa mtu mzima una 206, kwa hiyo robo ya mifupa yako unaikanyagia. Viungo kati ya mifupa hiyo huhesabiwa 33, na vyote vimefungwa kwa ligamenti, nyingine fupi kuliko kucha.

Naanza na enka yenyewe. Wenye baba seremala watanielewa haraka. Mfupa wa muundi unashuka upande wa ndani, ule mwembamba wa pembeni unashuka upande wa nje, na ncha zao ndiyo yale "macho ya mguu" mawili. Katikati yao pamebaki tundu la pande tatu. Ndani ya tundu hilo unaingia mfupa unaoitwa talasi, kama ulimi wa ubao unavyoingia kwenye tundu la mguu wa kiti.

Ila ulimi huu una ujanja: mbele ni mpana, nyuma ni mwembamba. Tofauti ni milimita chache tu. Ukichuchumaa, vidole vikielekea juu, sehemu pana inaingia kwenye tundu na kubana. Enka imefungwa. Ukisimama kwa ncha za vidole, ni sehemu nyembamba iliyobaki ndani ya tundu, na ulimi unacheza. Hapo mifupa haikusaidii tena, umebaki na kamba tu. Mchezaji anayetua kutoka juu anatua vidole vikitangulia. Mmeona shida ilipo?

Halafu talasi haishikwi na msuli wowote. Hakuna kano hata moja iliyojishikiza juu yake. Uzito wote wa mwili unapita hapo, na kinachoizuia isitoke ni umbo la majirani zake na ligamenti.

Naandikia simu, mikono imechoka. Ulizeni wakati napumzika.

#2 Kipa Mstaafu

Siti ya mbele kabisa. Mkuu, mimi ya kulia nimeitegua mara nne tangu 2016. Siku hizi hata kokoto inatosha. Leta nyama.

#3 Dada wa Ghorofani

Kwa hiyo viatu virefu navyo ni kusimama kwa ncha za vidole siku nzima? Nauliza kwa niaba ya rafiki.

#4 Mzee wa Magongo

Mwambie rafiki yako ndiyo. Kisigino kikiinuka, ulimi umetoka kwenye kabari yake. Ngazi za ghorofani ukiwa na viatu hivyo na simu mkononi, hiyo ni mechi ya ugenini.

#5 Mjukuu wa Mkandaji

Mleta uzi, kwa heshima. Bibi yangu mzaa mama alikanda watu wa Muheza mpaka anaingia kaburini. Watu walikuja wamebebwa, wakaondoka wanatembea. Leo mnatuambia kamba hairudi. Wale walipona na nini?

#6 Mzee wa Magongo

Swali la haki, nalijibu kwa kujianika mwenyewe.

Nilikuwa na miaka 19, niliteguka nikishuka kwenye lori la mchanga. Jirani mmoja akanivuta mguu jioni ileile, akanikanda kwa chumvi na maji ya moto mpaka nikaona nyota. Asubuhi enka ilikuwa kama boga. Kamba iliyochanika inavuja damu. Ukiichokoa ikiwa bado mbichi na kuimwagia moto, unazidisha uvujaji. Nilikaa miezi nikitembea upande, na ule mguu bado unanikumbusha kila masika.

Sasa nikuulize wewe: bibi yako alikuwa anakanda siku ileile?

#7 Mjukuu wa Mkandaji

Hapana. Siku ya kwanza alikuwa anafunga kwa kitambaa na kumlaza mtu, mguu juu ya kinu kilicholazwa. Kukanda ilikuwa siku ya tatu au ya nne, na taratibu. Akiona mtu hawezi kukanyaga kabisa alimkataa, anasema "huu ni wa hospitali".

#8 Mzee wa Magongo

Basi bibi yako alikuwa anafanya karibu kila kitu ninachofundisha wanafunzi wangu: kubana kwa bandeji, kuinua mguu, kusubiri, na kumtambua mgonjwa asiye wako. Nimemvulia kofia. Ugomvi wangu ni na wavutaji wa pembeni ya uwanja.

Tuendelee. Gusa jicho la mguu la nje. Telezesha kidole mbele yake na chini kidogo mpaka kizame kwenye kishimo laini. Umefika kwenye ligamenti inayochanika kuliko zote kwenye enka. Inatoka kwenye jicho la nje kwenda shingo ya talasi, urefu wake kama sentimita 2, na ni bapa. Jina lake la kitabuni ni refu. Tuiite ya mbele. Mguu ukipinda kwa ndani huku vidole vikielekea chini, ndiyo ya kwanza kukazwa na ya kwanza kuachia.

Nguvu ikizidi, inafuata ya kati, iliyo kama kamba ya mviringo ikishuka kutoka ncha ya jicho la nje hadi ubavuni mwa mfupa wa kisigino. Hii inavuka viungo viwili, kwa hiyo ikikatika mtu anayumba juu na chini. Ya tatu iko nyuma, imejificha, ndiyo nene ya kundi. Ukiikuta imekatika, ujue enka karibu imetoka yote.

Upande wa ndani hali ni tofauti kabisa. Pale kuna ligamenti moja pana, umbo la pembetatu kama herufi delta ya Kigiriki, na jina lake limetoka hukohuko: deltoidi. Ina tabaka la juu na la chini. Ni ngumu kiasi kwamba mguu ukipindishwa kwa nje, mara nyingi mfupa wa jicho la ndani unameguka kabla kamba haijakatika. Ndiyo maana kupinda kwa ndani ni kwa kila siku, na kupinda kwa nje ni kwa nadra lakini huwa ni balaa.

Kuna na aina ya tatu ya kuteguka wanayoipuuza wachezaji: maumivu yakiwa juu ya enka, kati ya mifupa miwili ya muundi. Hapo zilizochanika ni zile zinazoshikilia mifupa hiyo isiachane, tundu la seremala limetanuka. Inatokea mguu ukiwa umekanyaga chini na mwili ukazungushwa. Haivimbi sana, kwa hiyo watu hudharau, ila ndiyo inayochelewa kupona kuliko hizi za pembeni.

#9 Ticha wa Zamu

Mkuu, kuna namna ya kujua kama ni kamba au mfupa kabla ya kumwaga hela ya eksirei?

#10 Mzee wa Magongo

Ticha, ipo, na si ya kubahatisha. Madaktari wa Ottawa, Kanada, waliitoa mwaka 1992, leo inatumika duniani kote. Mtu mzima mwenye maumivu ya enka anahitaji picha ikiwa hawezi kupiga hatua 4, pale alipoumia na hata baada ya kufika hospitali, au ukibonyeza mfupa wa jicho la nje au la ndani, ukingo wa nyuma, sentimita 6 za chini mpaka ncha, akaruka. Nimesema mfupa, si kile kishimo laini cha mbele. Hatua za kuchechemea zinahesabika.

Kwa maumivu ya katikati ya mguu, bonyeza sehemu mbili: mfupa uliochomoza ubavuni mwa mguu upande wa kidole kidogo, na mfupa uliochomoza ubavuni upande wa ndani mbele ya enka. Akiruka, picha.

Ule wa upande wa kidole kidogo una kisa. Robert Jones, daktari mpasuaji wa Uingereza, alivunjika hapo mwenyewe akicheza dansi, akaandika habari zake mwaka 1902. Mvunjiko wa sehemu hiyo mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Sijui mwingine aliyepata umaarufu kwa kujikwaa kwenye muziki.

Kipimo hiki si cha mlevi, si cha mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguuni, wala aliyeumia sehemu nyingine inayomzuia kusikia maumivu. Hao wapelekwe tu.

#11 Kijiwe Namba 3

Kaka mimi ni bodaboda. Wiki mbili zilizopita pikipiki ilinilalia, mguu ukabaki umenasa kwenye kikanyagio, mwili ukaenda mbele. Enka haijavimba, kilichovimba ni mgongo wa mguu katikati. Nilipiga picha wakasema hamna mvunjiko. Chini ya unyayo kuna weusi kama nimepakwa wino. Bado natembelea kisigino.

#12 Mzee wa Magongo

Kijiwe, soma hii polepole, halafu usikanyagie huo mguu.

Mbele ya talasi na mfupa wa kisigino kuna mifupa midogo mitano. Mmoja una umbo la mtumbwi, mmoja ni kama dadu, na mitatu ni kabari. Ya kati na ya nje ni kabari kwelikweli: pana juu, nyembamba chini. Panga kabari namna hiyo ubavu kwa ubavu unapata tao, kama mawe ya juu ya mlango wa nyumba za zamani za pwani. Mguu wako una tao linalokwenda kwa upana, mbali na lile la kwa urefu ambalo kila mtu analijua.

Mbele ya kabari inaanza mifupa mirefu mitano. Wa pili umeingia ndani zaidi ya wenzake, umebanwa kati ya kabari ya kwanza na ya tatu kama komeo. Mstari huo wote unaitwa kiungo cha Lisfranc, kwa jina la Jacques Lisfranc, mpasuaji Mfaransa wa enzi za Napoleon, aliyekata miguu iliyooza kwa kupitisha kisu hapo bila kugusa mfupa. Katika maelezo ya jeraha hili, mfano wa kale ni mpanda farasi anayeanguka mguu ukiwa umenasa kwenye kikuku cha tandiko. Farasi wako anatumia petroli, mengine yote ni yaleyale.

Mfupa mrefu wa pili umeungwa kwa wa tatu, wa tatu kwa wa nne, wa nne kwa wa tano. Lakini kati ya wa kwanza na wa pili, kwenye mashina yao, hakuna kamba ya kuunga moja kwa moja. Badala yake kuna kamba moja nene ya mshazari, kutoka kabari ya ndani hadi shina la mfupa wa pili. Hiyo ikikatika, komeo limefunguka na tao linaanza kutanuka kila ukikanyaga.

Weusi chini ya unyayo ndiyo dalili inayonitisha. Na picha uliyopigwa umelala inaweza kudanganya, kwa sababu bila uzito mifupa inakaa mahali pake. Rudi, mwombe daktari picha ukiwa umesimama, miguu yote miwili, walinganishe nafasi kati ya mfupa wa kwanza na wa pili. Ukishindwa kusimama kwa maumivu, umwone mpasuaji wa mifupa aamue kipimo kingine. Usiende kukandwa.

#13 Kijiwe Namba 3

Nimeelewa kaka. Kesho naenda.

#14 Ticha wa Zamu

Mimi nafundisha historia, hapo kwenye tao nimekumbuka nyayo za Laetoli. Zinahusiana?

#15 Mzee wa Magongo

Ticha umenifurahisha. Zinahusiana sana, na ziko kwetu, Ngorongoro. Timu ya Mary Leakey ilizifukua 1978: viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyolowa, miaka kama milioni 3.66 iliyopita. Kidole gumba kimekaa sambamba na wenzake kama chako, hakijatanuka pembeni kama cha sokwe.

Kamba nazo zimo kwenye hadithi hiyo. Kwa sokwe, ligamenti inayopita kwa upana chini ya vichwa vya mifupa mirefu inaunga vidole vinne, kidole gumba kimeachwa huru kishike matawi. Kwetu inaunga vyote vitano. Tumefungiwa gumba letu ili tulisukumie ardhi.

Na Olduvai, mwaka 1960, ulipatikana mguu wenyewe: mifupa ya nyuma na ya katikati ya mguu mmoja wa kushoto, umri karibu miaka milioni 1.8, vidole vimepotea. Kabari zipo, mtumbwi upo, talasi ipo.

#16 Dada wa Ghorofani

Rafiki yangu (yuleyule) ana unyayo bapa. Tao lake liliporomoka au hakupewa?

#17 Mzee wa Magongo

Inategemea. Watoto wadogo karibu wote wana unyayo bapa, kuna na mafuta yanayoficha tao. Linajijenga wanavyokua, kwa hiyo mama asikimbilie viatu maalumu vya bei. Wapo watu wazima wenye unyayo bapa maisha yote na wanakimbia vizuri kuliko mimi.

Wa kuangaliwa ni yule aliyekuwa na tao, likaanza kushuka ukubwani, mguu mmoja, na maumivu nyuma ya jicho la ndani. Kuna ligamenti inatoka mfupa wa kisigino kwenda kwenye ule mtumbwi, kwa chini, na kichwa cha talasi kimelala juu yake kama mtu kwenye machela. Wazungu waliiita ya springi, ingawa hainyumbuki kama springi. Machela hiyo inasaidiwa na kano la msuli unaopita nyuma ya jicho la ndani. Kano likichoka, mzigo wote unaiangukia machela, nayo inalegea, talasi inatumbukia kwa ndani na chini.

Fanya jaribio hili sasa hivi. Simama, mtu akushikie kidole gumba cha mguu akiinue juu, wewe usijikaze. Angalia tao: linapanda lenyewe. Chini ya unyayo kuna utando mgumu, umetoka kisiginoni umeishia kwenye vidole. Kidole kikiinuka, utando unajizungusha chini ya kichwa cha mfupa kama kamba ya ndoo kwenye gogo la kisima, unafupika na kukivuta kisigino kisogee mbele. Mtafiti aitwaye Hicks alieleza utaratibu huu 1954. Kila hatua unayopiga, kisigino kikiinuka, mguu wako unageuka kutoka kitu laini cha kupokea ardhi kuwa fimbo ngumu ya kuisukuma. Mimi nimeuona mara elfu na bado nikipata mgeni nyumbani namvua kiatu nimwoneshe.

#18 Kipa Mstaafu

Mkuu umewahudumia wote, mimi wa kokoto umenisahau.

#19 Mzee wa Magongo

Sijakusahau, ulinihitaji nikiwa na muda.

Chini ya talasi kuna kiungo kingine, kati yake na mfupa wa kisigino. Enka inapandisha na kushusha mguu. Hiki cha chini ndicho kinachouinamisha kwa ndani na kwa nje, unapotembea kwenye matuta au ubavu wa kilima. Kati ya mifupa hiyo miwili kuna kijipango chenye ligamenti fupi nene. Mtu anayelalamika enka "inacheza" miaka mingi, mara nyingine tatizo liko huku chini.

Lakini kwako nadhani kuna jambo la pili. Ligamenti si kamba mfu. Ndani yake kuna ncha za fahamu zinazoiarifu akili mguu umekaa pembe gani. Kamba ikichanika, ncha nazo zinaumia. Maumivu yanaisha, uvimbe unaisha, lakini habari zinafika zimechelewa au hazifiki. Unakanyaga kokoto, mguu unapinda, misuli ya pembeni inapata taarifa wakati umeshaanguka. Na aliyeteguka mara moja yuko kwenye hatari zaidi ya kuteguka tena.

Dawa yake haiuzwi dukani. Simama kwa mguu mmoja karibu na kitu cha kushika, fumba macho, hesabu sekunde mpaka uyumbe. Fanya mzima, kisha mbovu. Lete namba. Ukipiga mswaki asubuhi na usiku, simamia mguu mbovu, macho wazi kwanza, baada ya wiki chache juu ya mto wa kulalia. Ongeza kusukuma unyayo kwa nje dhidi ya kipande cha mpira wa tairi la ndani, ili misuli ya ubavuni ijifunze kuwahi. Ikifika miezi mitatu bado inakuachia, njoo hospitali ipimwe kama kamba ilipona ndefu.

#20 Kijiwe Namba 3

Kaka mrejesho. Picha ya kusimama imepigwa. Daktari wa mifupa kaonesha nafasi kati ya wa kwanza na wa pili, mguu mbovu umeachia, mzima umebana. Nimepewa magongo, nisikanyage kabisa, natakiwa kupasuliwa wiki ijayo wafunge kwa skrubu. Pikipiki nimempa mdogo wangu.

#21 Mzee wa Magongo

Pole sana ndugu yangu. Uinue mguu juu ya moyo ukilala. Magongo yakikuumiza kwapani ujue umeyashika vibaya: uzito uwe viganjani, kwapa liwe huru, vidole viwili viingie. Ukitoka kupasuliwa uniandikie kabla hujaanza kukanyaga.

#22 Mjukuu wa Mkandaji

Pole mkuu Kijiwe. Bibi angekukataa na wewe.

#23 Kipa Mstaafu

Nimepima. Mzima sekunde 24. Mbovu 5, nikaangukia friji. Mke wangu anauliza tangu lini naswali kwa mguu mmoja.

#24 Mzee wa Magongo

Tano ni mwanzo. Sogea mbali na friji, lete namba nyingine Jumapili.